Koko Mwenye Alipandaka mu Jeep Yetu

Mwenye hataki kuamini aende akaulize Kasereka, chauffeur wetu, ingawa siku hizi hapendi kabisa kuulizwa. Mimi niko na diplôme. Niliitafuta kila mangaribi kisha kazi, batu makumi mu darasa moja, chini ya ampoule moja ya taa yenye kusinzia kuliko siye. Mutu kama mimi hadanganywi na mizimu kwa urahisi. Tena ile kintu ilinipata mchana, jua likiwaka.

Nilikuwa mu équipe ya kuzika, ku Butembo, wakati wa Ebola. Kazi yenyewe: combinaison ya kujikinga, masque, kloro, mufuko wa maiti, kaburi, halafu mbio mu jeep mbele mawe ya batu wenye hasira hayajaanza. Mawe yenye nilirushiwa yanatosha kujenga kathedrale mbili na nyumba ya padri. Kukaa ku matanga? Hata moja. Mama psychologue, mwenye kutunza roho za équipe, alipotuita tuzungumuze naye, tulimujibu, "Mama, siye tuko bazima," tukaenda zetu kunywa.

Muzima gani? Bibi yangu Kavira alikuwa amezaa Masika, binti yetu wa kwanza, na mimi sikuweza kumubeba. Nikimupokea tu, mikono inasikia uzito wa ule mufuko. Namurudisha mbio kama sufuria ya moto. Kavira akachoka. "Baba Masika, unabeba maiti ya muji muzima, mutoto wako hapana? Basi niambie mapema, nirudi kwetu."

Siku moja tunatoka ku Vuhovi, kumuzika mama moja muzee. Kasereka anaendesha. Katikati yetu kumekaa koko moja, mama muzee, na kitambaa ku kichwa, kitunga ku magoti. Nikawaza, Kasereka amemupa lift, na ni marufuku.

"Funga dirisha," koko akaniambia, "upepo unaniingia mu masikio."

Nikafunga. Halafu akalalamika kloro yetu inanuka. Halafu Kasereka anaendesha sawa mutu anasafirisha mihogo. Njia yote hivyo. Mama-mukwe wangu mwenyewe hajanilaumu namna ile.

"Kasereka," nikasema, "koko wako anapenda maneno."

"Koko gani?"

Nikageuka: kiti kitupu. Kasereka alicheka mupaka jeep ikaanza kuyumba.

Safari yenye kufuata, koko huyu hapa. Na ingine, na ingine. Ku Beni, ku Mbau, popote tunazika, kurudi ni yeye na manunguniko yake. Niamini, mutu anaweza kuzoea kuogopa mupaka woga unageuka kero. Nikamuuliza, "Koko, lakini unataka nini kwangu?"

"Pa mulango wa nyumba yangu, brancard yenye mulinibebea iligonga ukuta. Ukasema, 'Pole, koko.'"

Nilisema vile kweli, lakini polepole, ndani ya masque, inje batu bakilia na kututukana. Nani angenisikia?

"Ulianza kunililia, kisha ukakimbia," akasema. "Mutu anashushwa sawa gunia ya ciment? Kaa, umalize."

"Protocole inakataza kukaa."

"Kwangu, ndiyo. Kwako, ku nyumba yako, nani anakukataza?"

Nikafika ku nyumba, nikatandika mukeka mu kiwanja, nikakaa. Kavira akauliza, "Nani amekufa?" Nikamuambia juu ya koko wa Vuhovi. Kisha bengine bakafuata benyewe: yule baba wa Mbau, bale batoto babili ba Beni. Nililia mupaka majirani bakaja na viti na kuni na sufuria ya maharagi, bakidhani ni matanga. Na haikuwa matanga? Hapana mutu alirudi kwake mbele ya giza.

Kavira akanitia Masika mu mikono, bila kuuliza. Alikuwa na uzito wa mutoto tu. Na alikuwa amekojoa.

Kesho yake nikaenda kwa mama psychologue, nikamuelezea mengi, na koko pia. Hakucheka. Alivuta kiti cha pili, akasema, "Endelea." Tangu pale naenda kukaa naye, na koko sijamuona tena mu jeep.

Mimi sijamuona. Juzi Kasereka amenivuta pembeni, macho mekundu sawa ya mutu hajalala. "Ndugu yangu," akasema, "yule koko wako, alikuwa anachukia dirisha wazi?"

Ile ya dirisha sikuambiaka mutu, hata mama psychologue.

Basi wewe mwenye kubeba batu, mwenye ambulance, askari, infirmière wa hospitali, usiseme uko muzima na kwenda kunywa. Kaa chini fasi moja, na mutu, umalize. La sivyo yule mwenye hukumulilia atapanda mu gari yako, na hatanyamaza mupaka mufike.