Koleo la Mwalimu Tak

Hapa Daejeon, Korea Kusini, kila mwajiriwa ana barua ya kuacha kazi aliyoificha mahali, kama vile kila mtu alivyo na mwavuli. Ya Mwalimu Tak Seon-ju ilikuwa mkobani mwaka wa tatu sasa. Tarehe ilikuwa imekatwa na kuandikwa upya mara tatu, na bahasha ilishachakaa pembe zote.

Jumamosi hiyo ilikuwa itoke, itake isitake. Rafiki yake Ran-hui, aliyefungua nyumba ya wageni kule Gangneung, pwani, alimpigia asubuhi bila hata salamu.

"Wewe bibie, nataka jibu leo jioni. La sivyo nafasi yako nampa binamu yangu, na binamu yangu hajui hata kukunja shuka."

"Leo namwambia mkurugenzi."

"Ulisema hivyohivyo maua yakichanua. Sasa theluji inaanguka!"

Basi Seon-ju alifundisha vipindi vyake vya asubuhi roho juu. Watoto wa kituo hicho cha tuisheni ya Kiingereza walishazoea kumwona akifundisha huku anatembea, lakini siku hiyo mmoja alimwambia, "Mwalimu, kaa, unatutia kizunguzungu."

Mchana mkurugenzi, Bi Pyo, aliwapeleka walimu wote kula nyama ya kuchoma. Seon-ju alishika koleo kabla hata hajavua koti. Kwa desturi mchomaji ni mdogo wa wote, na mdogo alikuwapo, Mwalimu Gu, kijana wa watu, ameketi anasubiri kulishwa. Lakini mwaka wa sita huu mchomaji ni Seon-ju, kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu: mwenye koleo haulizwi kitu. Anasimama, anageuza, anakata kwa mkasi, anagawa, anaita mkaa mwingine. Kama hawezi kutulia, basi na wenzake wanufaike.

"Bi Mkurugenzi," alisema Carys, mwalimu wa kutoka Wales, mdomo umejaa wali, "mkataba wangu ukiisha mwezi ujao, narudi kwetu."

Kirahisi hivyo, kama mtu anayeomba chumvi! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Carys alipewa lake siku ya kwanza, vipindi thelathini kwa wiki, na sasa analirudisha hata udongo hajaufuta. Seon-ju alimwonea wivu mpaka akakata hewa badala ya nyama.

Bi Pyo alicheka. "Nenda salama, mwanangu. Wageni huja na kuondoka. Sisi tunaye Mwalimu Tak, huyu haendi popote."

Hapo Seon-ju akaona liwalo na liwe. "Bi Mkurugenzi, na mimi pia..."

"Fungua mdomo!"

Bi Pyo alikuwa ameshamfungia nyama, wali na punje nzima ya kitunguu saumu ndani ya jani la saladi. Kulishwa hivyo na mkubwa wako ni heshima, na tonge lile haling'atwi nusu, linaingia lote. Mashavu yalimfura, machozi ya saumu yakamtiririka. Seon-ju bado anatafuna, Bi Pyo akainua glasi ya pombe ya soju: kituo cha pili kinafunguliwa mwezi wa tatu, ng'ambo ya mto, na mkuu wake ni Mwalimu Tak!

Makofi.

"Mwoneni dada, analia kwa furaha," alisema Gu.

Furaha gani? Ilikuwa saumu na hofu. Na ukweli usemwe: mdomo ungekuwa wazi, Seon-ju angesema asante, kwa mazoea tu, na mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo ulikuwa kazini. Akaweka mkasi, akachomoa bahasha, akampa Bi Pyo kwa mikono miwili, kwa adabu.

Bi Pyo alisoma.

"Hapa pana tarehe nne," alisema hatimaye.

Seon-ju alimeza. "Ya mwisho ndiyo ya kweli."

"Nyama inaungua!" Gu alipiga kelele. "Dada, nyama!"

Wote walimtazama yeye. Seon-ju alilichukua koleo akamkabidhi Bi Pyo, kwa mikono miwili vilevile. Kisha akavua koti, akaketi, akavuta bakuli lake la wali. Lilikuwa limeshapoa.