Mizinga ya Shule ya Binamu Yangu

Mimi na binamu yangu tulipomaliza darasa la nne, tulichagua kati ya shule mbili za misheni nje ya mji wa Tabora. Mimi niliomba ile yenye kengele kubwa na madirisha ya vioo. Yeye aliomba ya pili, kwa sababu mzee mmoja, mpagazi wa zamani wa misafara, aliiachia wakfu wa mizinga ya nyuki msituni. Asali yake iliwalipia karo wanafunzi waliokwama.

"Haya, nenda ukasome na warina asali," nilimcheka.

"Na wewe nenda ukale kengele yako," akanijibu.

Mwaka wa pili mvua haikunyesha, karanga za baba zikakauka, nikarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Shamba lao nalo lilikauka, lakini binamu alibaki darasani. Likizo alituletea kibuyu cha asali ya shule. Mama aliponipa nilikataa, nikasingizia jino.

Niliporudi shuleni alikuwa ameshanipita darasa. Nimetembea miji mingi tangu hapo, na bado nikiona mzinga umetundikwa mtini, wivu hunipanda.