Jaji Elieshi na Sufuria ya Jumamosi

Jaji Elieshi alikuwa na kanuni moja: hali chakula cha mtu ambaye huenda siku moja akasimama mbele yake mahakamani. Aliitangaza mwenyewe, wiki aliyoapishwa, katika ukumbi wa kanisa ambamo Waafrika wenzake wa magharibi mwa Sydney walikuwa wamekusanyika kumpongeza. Aliwaambia kwamba kuanzia siku hiyo hatahudhuria harusi zao wala vipaimara vyao, hatakaa kwenye misiba yao, nao wasije kwake. Watu walipiga makofi huku wakitazamana. Wengine walisema anaringa. Hawakumwelewa. Mtu aliyepewa kuamua mambo ya wenzake hawezi kula katika kila nyumba.

Kanuni hiyo aliishika kwa watu wote isipokuwa mmoja.

Kila asubuhi treni ilipoondoka Quakers Hill kwenda mjini, Elieshi aliketi upande wa dirisha akaacha macho yake yaende yanakotaka. Ukungu ulikuwa ukilala juu ya mapaa na viwanja vya mpira, na ndani ya ukungu ule maisha yake yalimpita polepole kana kwamba ni ya mtu mwingine. Treni ikifika Parramatta aliyaona maghorofa aliyokuwa akisafisha alipokuwa mwanafunzi wa sheria, msichana wa Machame aliyeota angali mdogo kwamba ameketi mahali pa juu, katika chumba chenye madirisha marefu, na watu wote wamenyamaza wakimsubiri aseme. Hakumsimulia mtu ndoto ile. Aliifuata tu. Ikampitisha kwenye ofisi ya msaada wa sheria kule Macquarie Fields, alikowatetea wapangaji wa nyumba za serikali. Ikamfikisha kwenye joho la wakili, miaka mingi ya kusimama na kuinama mbele ya majaji. Mwisho ikamkalisha yeye mwenyewe kwenye kiti cha mahakama ya shirikisho, na chumba kilikuwa na madirisha marefu kweli.

Huko Macquarie Fields ndiko alikokutana, kabla ya ofisi ile, angali mwanafunzi, na Katungu, Mama Falone, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, mtu mzima kuliko yeye, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Elieshi alikuwa na mtoto mchanga, Joyceline, na baba yake mtoto alikuwa amekwisha ondoka. Katungu alimchukua yule mtoto akamlea pamoja na binti yake Falone, mama akasoma. Tangu wakati huo, kila Jumamosi, Katungu alipanda treni na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao Kongo, iliyofungwa kwa kitenge mpaka kwa Elieshi. Ujaji ulipokuja, sufuria haikukoma. Elieshi alijiambia kwamba huyu si mtu wa nje, huyu ni dada. Hapo ndipo alipokosea. Upendeleo hauanzi kwa adui wala kwa mgeni. Unaanza kwa yule tunayempenda, nasi tunaupa jina zuri.

Jumamosi moja ya Novemba, mijakaranda ikiwa imemwaga maua ya zambarau mpaka kwenye ngazi, Katungu aliingia akipiga kelele kama kawaida yake.

"Fungua, Mama Joyce, iko moto bado! Leo nilitia samaki ya kukauka. Ninyi Wachaga munajua ndizi tu."

"Na ninyi mnajua mawese tu," alisema Elieshi akicheka. "Karibu, dada. Joyce, leta sahani."

Akaanza kufungua fundo la kitenge. Harufu ya sombe ilijaa jikoni, na kwa kitambo kidogo alikuwa tena yule mwanafunzi aliyechoka, anayeambiwa ale kwanza ndipo aongee.

"Lundi tunakuja kwako," alisema Katungu.

"Kwangu wapi?"

"Ku mahakama. Bwana ya Falone, Wilondja, ile mambo ya viza walimukatalia. Mwanasheria alituambia jana ni wewe utasikiliza. Falone alilia kwa furaha."

Vidole vya Elieshi vilisimama kwenye fundo. Majalada ya Jumatatu alikuwa hajayafungua.

"Usiniambie zaidi, Mama Falone."

"Nilikuambia nini? Nilisema tunakuja tu."

Elieshi akalifunga tena fundo, akalikaza, akaisukuma sufuria kwa mwenyewe.

"Rudi nayo, dada."

"Hata haukuonja."

"Siwezi."

Katungu aliivuta sufuria kwake. "Miye sikuletea juji chakula. Nililetea Mama Joyce."

"Sasa ni mtu mmoja."

"Haya," alisema Katungu. Aliibeba sufuria kifuani akashuka ngazi, akikanyaga maua. Joyceline, aliyekuwa amesimama na sahani mkononi, alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba kile ni chakula tu, amkimbilie. Elieshi hakutoka.

Jumatatu, Katungu na Falone waliketi kiti cha nyuma, wamevaa vitenge vya sare. Jaji alieleza wazi, kila neno likirekodiwa, kwamba mama mkwe wa mwombaji ni rafiki yake, kwamba amekula chakula cha mikono yake miaka mingi, na kwamba Jumamosi iliyopita aliletewa tena akakirudisha. Kwa hiyo hawezi kusikiliza shauri lile. Litakwenda kwa jaji mwingine. Alisema alivyotakiwa kusema. Falone alimtafsiria mama yake kwa kunong'ona. Katungu alipoelewa kwamba sombe yake imesemwa mbele ya wageni, kama kitu kilichookotwa mahali palipotendeka uhalifu, alijifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Shauri lilichelewa kwa miezi. Jaji mwingine alilisikiliza, akaona uamuzi wa viza haukufuata sheria, akaagiza ombi liangaliwe upya. Wilondja alishinda, na hakuna mtu mjini Sydney aliyeweza kusema kwamba alishinda kwa sababu ya sufuria.

Elieshi alikutana na Katungu mara moja tu baadaye, kwenye jukwaa la stesheni ya Parramatta. Alimwamkia shikamoo.

"Bonjour, Mheshimiwa," alijibu Katungu, akapanda behewa jingine.

Mwaka uliofuata mama yake Elieshi alifariki Machame. Kabla ya kusafiri, Elieshi na Joyceline walitoa makochi sebuleni wakatandika magodoro chini, kama inavyofanywa, ili watakaokuja wapate pa kukaa. Jua la jioni liliingia likalala juu ya magodoro matupu. Watu hawakuja, aliwaambia wasije, nao walimtii. Kila treni iliposimama stesheni Elieshi aliinua kichwa, akausubiri mlio wa viatu kwenye ngazi na ile sauti isemayo iko moto bado.

Kanuni ile ilikuwa ya haki, naye alichelewa kuishika kikamilifu. Ilimpotezea Katungu, aliyemlelea mwanawe, na Katungu hakurudi.