Mkebe wa Mchanga wa Shangazi

Bomba la gorofani kwetu, hapa mtaani Warwick, limekauka tena. Jirani yangu Mkongo amepita mlangoni akilalamika, "Maji haiko, hata kesho." Nimefungua mkebe wa mchanga nitayamamu, nijitwaharishe kwa vumbi pasipo maji, kwa ajili ya sala ya alasiri, na harufu ya lile vumbi kavu imenirudisha utotoni.

Shangazi yangu alivuka jangwa kwa ngamia, mwanamke peke yake, akichora ramani ya visima ambavyo hakuna aliyewahi kuvichora. Alipokuja kukaa kwetu, wakati huo mtaani Bluff, alileta mkebe huu, akawa anatayamamu kando ya bomba lenye maji.

"Wifi, maji si hayo hapo?" mama alimwambia. "Tayamamu yako haisihi penye maji."

"Maji ni ya kunywa, wifi."

Mama, kwa hasira, akafungulia bomba mpaka mwisho. Shangazi, aliyezoea kulala na nge, akakurupuka na sufuria kuyakinga maji. Nilimtazama yeye, nikamtazama mama, nisijue nani kakosea.

Sasa hivi, mchanga ukiwa bado viganjani mwangu, bomba limekohoa na maji yakamwagika. Nilipaswa kutawadha. Nimejikuta nakimbilia sufuria.