Nilivyoharisha ukweni Lundo siku ya posa, nikamsingizia samaki

Wakuu, salamu kwenu wote. Hiki kisa sijasimuliwa na mtu, mwenye tumbo ni mimi mwenyewe. Shahidi ni mke wangu, yupo hapa pembeni anacheka.

Mimi ni mkulima wa kahawa, Mbinga. Mwaka juzi nilitaka kumuoa Oliva, binti wa Lundo kule ziwani. Jumamosi moja nikaondoka na mjomba wangu Otmari, ndiye mshenga, kupeleka posa.

Alfajiri kabla ya basi nilikula kiporo. Wali maharage wa jana yake mchana, ulilala jikoni kwenye sufuria. Sikuupasha hata moto. Ulikuwa na kaharufu kwa mbali, nikasema aah, mwanaume ataogopaje wali?

Lundo tumefika saa saba mchana. Mama Oliva katuandalia ugali na mbasa. Wakuu, samaki wa Nyasa aliyevuliwa asubuhi ni habari nyingine kabisa. Nikala kwa adabu, vipande vitatu.

Sijanawa mikono, tumbo likanguruma. Mjomba alishaanza hotuba yake ya "tumeona ua zuri hapa", akanyamaza akidhani kuna pikipiki inakuja.

Sasa choo kiko nyuma ya nyumba, na kukifikia lazima upite mbele ya wazee wote barazani. Mlango wake ni wa bati. Ukiufungua, majirani wanajua.

Safari ya kwanza nilipita kwa heshima. Ya pili nilipita kwa kasi. Ya tatu nikachanganyikiwa, nikaamkia upya, "Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Leo utaniamkia mpaka nizeeke."

Oliva akaniletea maji, nikakataa. Akili yangu ilinituma kwamba nikiacha kunywa, tumbo litakosa cha kutoa. Ujinga mtupu. Ilipofika saa kumi midomo imekauka, miguu inatetemeka, nikisimama naona giza. Hapo niliogopa kweli, si utani.

Mjomba akaniuliza nina nini. Kuficha aibu nikamnong'oneza, "Nadhani ni yule samaki."

Mjomba wangu hajui kunong'ona. "Samaki?!"

Baraza zima likanigeukia. Baba yake Oliva, Mzee Bosco, akasema taratibu, "Samaki huyo tumekula watu tisa."

Posa naiona inaondoka. Mama Oliva akanisogelea, wala hakukasirika.

"Mwanangu, tumbo limeanza hata hujanawa. Samaki alikuwa hajafika huko. Asubuhi ulikula nini?"

Nilitamani kudanganya, ila Oliva ananiangalia.

"Kiporo, mama. Wali wa jana."

"Ulinuka?"

"Kidogo."

"Na ukala."

"Nikala. Nisamehe mama, nimemsingizia samaki wako."

Wazee walicheka mpaka mmoja akavua kofia ajipepee.

Mama akachukua maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja. Akatia vijiko sita vya chai vya sukari, visivyojaa kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Akakoroga, akaniambia ninywe kidogo kidogo, nikitapika nipumzike kidogo halafu niendelee. Mjomba alitoa vidonge mfukoni, hata jina havina, akanyang'anywa.

"Ukiona damu, au ukitapika kila unachokunywa, au jua likizama hujapata mkojo," mama akasema, "tunakupeleka zahanati. Posa itasubiri."

Jua halijazama, mkojo ukaja. Sijawahi kuufurahia hivyo. Nikanywa na uji.

Mzee Bosco akamgeukia mjomba. "Huyu kwenye choo chetu kaingia mara nane siku ya kwanza. Ugeni gani tena umebaki? Malizia maneno yako."

Ndoa tulifunga baada ya mavuno ya kahawa.

Nilichojifunza: wali uliolala nje ya friji mwaga, hata kuupasha hakuuokoi. Ukiharisha ndiyo unywe zaidi, usijinyime maji. Na usiseme uongo kwa mama anayejua samaki wake.

Haya, nani mwingine tumbo limemuumbua ukweni? Shusheni visa vyenu. Ila kama una mtoto mdogo hapo anaharisha, acha kusoma, mpe maji ya chumvi na sukari sasa hivi umpeleke zahanati. Comment zitakukuta.