Klasi Moja kwa Maombi Yote

Mwaka 2012, mvua ndefu za Aprili zikiwa zimeanza, nikiwa na umri wa miaka arobaini na minane na mjane kwa miaka sita, niliripoti kazini katika ofisi ya kusajili mifugo hapa Isiolo. Sekondari niliimaliza nikiwa mama wa watoto watatu. Diploma ya kompyuta niliipata mwaka uliotangulia. Vijana wa ofisi walinitazama kama mtu aliyepotea njia ya kliniki.

Kazi yangu ilikuwa kuandika klasi, yaani vipande vya programu vinavyopokea ombi la mfugaji kutoka kwenye simu yake na kulijibu. Kanuni yangu ilikuwa moja: kila aina ya ombi na klasi yake, na kila klasi ihakikishe mwombaji ni nani kabla ya kugusa rejista.

Mkurugenzi wa Mifumo, aliyeletwa kwetu Machi 2023, hakupendezwa.

"Mama, klasi kumi na nne za nini? Unapika githeri, kila punje ya hindi na ya haragwe na sufuria yake?"

Ofisi nzima ilicheka.

"Bosi, punje hazina mwenyewe. Ng'ombe wanaye."

"Ziunganishe. Andika wewe, una mkono mwepesi."

Ndiyo iliyokuwa desturi yetu: mkubwa huamuru, mdogo huandika, na kumbukumbu ya mabadiliko hubaki na jina la aliyeandika. Tarehe 7 Agosti 2023 niliziunganisha. Uhakiki wa mwombaji ulibaki kwenye usajili pekee; ombi la kuhamisha mnyama kwa jina jingine lilipita bila kuulizwa. Nilimweleza, akasema tutaongeza baadaye. Niliandika agizo lake katika daftari langu, kisha nikatii. Kutii huko sijajisamehe.

Januari 2024 alikuja Dahabo, mjane kutoka kijiji cha Chechelesi. Ng'ombe wake kumi na tisa walikuwa wamehamishiwa jina la shemeji yake.

"Salaam aleikum, dada. Wewe pia ulifiwa. Huyu shemeji nimemkatalia ng'ombe hao mwaka mzima. Kompyuta yako haikumuuliza hata yeye ni nani?"



Malalamiko yalipofika kwa wakubwa, Mkurugenzi aliwaonyesha kumbukumbu ya mabadiliko: "Jina ni lake." Nikasimamishwa kazi miezi minne, miezi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Dahabo alirudishiwa ng'ombe wake. Mimi nilibaki nyumbani, mtaa wa Wabera, majirani wakipunguza sauti nikipita.

Vijana mnaoandika programu leo, mkiagizwa jambo msiloliamini, mtakeni anayeagiza aliandike kwa jina lake.

Tarehe 14 Juni 2024 kamati ya nidhamu ilisoma daftari langu, kisha ikanisomea barua ya uamuzi: kosa ni la ofisi, mama hana hatia. Mkurugenzi alikuwa ameketi kuliani kwa mwenyekiti.

"Ofisi ni nani?" niliuliza. "Jina liandikwe."

"Mama, umeshinda," alisema mwenyekiti. "Nenda ukapumzike."

Nilitia sahihi barua ile, jina la Mkurugenzi likiwa halimo. Tarehe niliiandika mwenyewe.