Jasho la Baba Chebet

Mpaka leo nikikutana na wamama wa kanisa kwa kituo cha kuuza majani chai, naangalia chini, lakini wacha niwaambie tu, maana makosa yalikuwa yangu.

Mume wangu, Baba Chebet, alianza kutoka jasho akila. Si jasho ya kazi. Baridi ya hapa Mogogosiek mnaijua, mimi nimevaa sweta mbili, yeye akimeza tonge la pili tu uso na shingo zinalowa mpaka anajipanguza na kofia, halafu miguu (nilikuwa nafua soksi zake, najua) hazitoi jasho hata tone. Nikajiuliza, huyu anaogopa nini? Na kila akienda soko ya ng'ombe Siongiroi anarudi amechelewa. Na kwa simu yake kuna mtu anaitwa "Chela", akipiga, mzee anatoka nje kuongea. Nikajua nimepata mke mwenza.

Alhamisi moja tulikuwa na wageni wa maombi, mchungaji na wamama saba. Chakula ikaletwa, jasho ikaanza, na simu ikalia pale kwa meza: Chela. Ningenyamaza! Lakini niliinyakua nikaweka spika, nikasema, "Leo kanisa yote isikie bibi yako."

"Baba Chebet?" sauti ikasema. "Ni sista wa kliniki ya sukari. Mbona jana hukuja? Na kile kidonda cha mguu?"

Mchungaji alibaki na paja la kuku hewani. Nikajaribu kuzima simu, nikabonyeza vibaya, ikaongeza sauti.

"Usipokuja mguu utaharibika!"

Mzee hakunigombeza (heri angenigombeza). Alivua kiatu mbele ya wote, akavua soksi, akafungua bandeji, na chini ya unyayo nikaona mahali pameungua, pameanza kuoza.

"Nilikuwa naota moto kwa jiko," akasema. "Sikusikia ikinichoma."

"Na mbona hukuniambia?"

"Mama yangu alikatwa mguu na hii ugonjwa. Sikutaka uanze kuniangalia vile tulikuwa tunamwangalia."

Nililia mbele ya wageni, na simu yake bado mkononi.

Kesho yake tulienda pamoja kliniki, pale Siongiroi alikokuwa anachelewa. Sista Chela, mama mzima mwenye wajukuu, alinieleza sukari imeharibu neva, zile nyuzi za mwili zinaambia ngozi itoe jasho na zinasikia moto. Miguu zimenyamaza, zimekauka, hazisikii moto, na uso nao unatoa jasho ya bure akianza kutafuna. Mimi nikaita hiyo dhambi.

Mguu ulipona, polepole. Sasa namkagua nyayo kila jioni, na nimeapa neno la nyumba yangu nitauliza mlango ukiwa umefungwa, sisi wawili. Juzi nilipata mafuta ya kujipaka ya bei ghali kwa mfuko wa koti lake, nikafungua mdomo niulize ni ya nani. Nikaufunga. Nikasoma chupa: yalikuwa ya miguu iliyokauka.